Gunia Mlangoni

Kiangazi kikibisha hodi bei ya sukuma wiki hupanda, nasi wa nyumba za ploti hatuna shamba la kukimbilia. Gunia twalipata. Kibera walilima hivyo mwaka 2008, chakula kilipoadimika baada ya ghasia za uchaguzi.

Gunia langu la kwanza lilinitia aibu. Miche ya juu ilinawiri, ya ubavuni ikakauka yote. Mama jirani alicheka: "Dada, maji hayafiki chini!"

Kumbe siri ni kokoto. Twaa mkebe uliokatwa juu na chini, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha uzungushie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Vuta mkebe juu, urudie hadi gunia lijae. Toboa ubavuni matundu yaliyoachana shubiri moja, upande miche. Maji yamwagie kokoto.

Maji ya kuoshea mchele yafaa. Ya mtaro, la! Majani hayo yataliwa na watoto wako.

Na mwenye nyumba mwambie mapema. Wangu aliniamuru nilihamishe gunia siku nilipokwisha kulimwagilia. Tulilisukuma watu wanne.