Maboksi ya Kijivu ya Bagamoyo

Makamanda, Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, hiki tunachokiita TaSUBa leo. Lakini maboksi ya umeme na simu barabarani ni kijivu tu, yamebandikwa waganga na wagombea. Rangi ya serikali tuliyoizoea ni ile X nyekundu ya bomoabomoa.

Wapeni vijana hayo maboksi wachore. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na vipande vya ubao na rangi ya baiskeli, jamani!

Shida ni kwamba ukipaka bila ruhusa, Sura ya 16 inakusubiri: kuharibu mali. Kwa hiyo nataka ruhusa ya maandishi. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sura ya 287. Ikae na wenye maboksi, iseme nani anachora, analipwa shilingi ngapi (sio soda na fulana), na kwamba alama ya hatari na matundu ya hewa yasizibwe. Achore nini, isiguse. Ibara ya 18 ya Katiba haikuwekwa kwa ajili ya wasifiaji peke yao.

Barua kwa mkurugenzi naiandika wiki hii. Anayetaka kusaini aje.