Kilo 50 Ziwe 50

Meru wana Majengo yao, na Embu wana yao. Katika mitaa kama hiyo wapo wanaume wanaotoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, wakaenda sokoni kungoja lori la viazi lililoteremka usiku kutoka Kibirichia au Timau. Mmoja hupanda juu ya mzigo. Mwenzake huinama chini, akageuza mgongo, na gunia likatua mabegani. Anakwenda nalo hadi kibandani, analibwaga, anarudi. Anayemtazama akishusha gunia la 20 huona mwendo ule ule wa gunia la kwanza.

Mwenye mzigo akiona hivyo husema, “Huyu ameshazoea.” Hapo ndipo anapokosea.

Ndani ya msuli mna maelfu ya nyuzi, nazo zimegawanywa vikosi vikosi. Kila kikosi huamrishwa na neva moja inayotoka kwenye uti wa mgongo. Ikituma ishara, nyuzi zote za kikosi chake hujikaza kwa pamoja. Mwaka 1965 Elwood Henneman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba vikosi hivi haviitwi ovyo. Vidogo hutangulia: nguvu zake ni chache lakini havichoki upesi. Vikubwa hufuata, vyenye nguvu nyingi na pumzi fupi. Anayebeba ndoo ya maji huenda asiviguse kabisa vile vikubwa.

Kazi ikiendelea, fosfeti hujikusanya ndani ya nyuzi, na kalsiamu, ambayo ndiyo huuamuru uzi ujikaze, huanza kutoka kwa uchache. (Asidi ya laktiki, iliyolaumiwa kwa miaka mingi, siku hizi haionekani tena kuwa mkosaji mkuu.) Kila uzi sasa unavuta kwa udhaifu, na mzigo haujapungua hata ratili. Basi ubongo huzidisha amri. Vikosi vilivyokuwa vimekaa huamshwa, misuli ya jirani huombwa msaada, kiuno hupinda, goti huanza kutetemeka. Stanley Cobb na Alexander Forbes walipima jambo hili mwaka 1923: msuli unapochoka, umeme wake hupanda ingawa nguvu inayotoka ni ile ile. Ndiyo maana mbebaji huapa kwamba gunia la mwisho ni zito kuliko la kwanza. Hasemi uongo. Mizani haioni tofauti, lakini amri inayotoka kichwani mwake imeongezeka kweli.

Kwa hiyo mwendo ule ule unaosifiwa sokoni ni akiba inayoliwa. Mwenye ndoo ana vikosi vingi vya kuita baadaye. Mwenye gunia la kilo 110 ameviita karibu vyote tangu alipoinuka, na vikichoka havina wa kuvipokea.

Wapo watakaosema kwamba watu wetu wamebeba mizigo tangu zamani. Ni kweli, na kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kuhusu wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaotumia ukanda kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Ustadi huo hauwezi kuwa hoja ya kutetea gunia lililo karibu mara mbili ya uzito wa mbebaji.

Sheria ipo. Kanuni za viazi za Kenya za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, na Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kilo 55 kwa mwanamume tangu 1967. Hata hivyo gunia lenye kilemba cha wavu, lile linaloitwa mkorino na ambalo Watanzania huliita lumbesa, lina watetezi wake, kwa kuwa mnunuzi hulipa kwa gunia wala si kwa kilo. Mkulima anapunjwa shambani, na mbebaji anaumia sokoni kwa viazi vile vile. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo wa kumjeruhi, lakini kibarua anayelipwa kwa kila gunia, akihama lori hadi lori, mwajiri wake ni nani?

Ndiyo maana ulinzi wake lazima uanzie kwenye gunia lenyewe. Kaunti hutoza ushuru wa mazao yanayoingia sokoni, na karani anayekata risiti huliona gunia kabla halijagusa bega la mtu. Awekewe mizani hapo hapo, na apewe mamlaka ya kulirudisha lori linalozidisha.