Kivu: Namna gani mwanafunzi anaweza kujua kama habari inaegemea upande?

Mwisho wa Januari 2025, wakati wapiganaji wa M23 waliingia Goma, habari ilikuwa moja lakini maneno yalikuwa matatu. Kuna wenye walisema muji «umeanguka». Wengine walisema «umevamiwa». Wenye kuunga mukono M23 walisema «umekombolewa». Mwanafunzi mwenye alikuwa amejificha nyumbani juu ya risasi aliweza kusikia maneno hayo yote katika telefone moja. Wakati masomo yalianza tena, kila mutoto alirudi darasani na neno lenye alisikia kwao.

Juu ya tukio lenyewe, hakuna mwenye alidanganya: wapiganaji waliingia kweli. Hukumu ilikuwa imefichwa ndani ya kitendo: kuanguka, kuvamiwa, kukombolewa. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inaanza. Wengi wetu mashariki tunazoea kuuliza kama habari ni ya kweli ao ya uongo. Lakini habari inaweza kuwa ya kweli kila mustari, na bado ikavuta musikilizaji upande mumoja.

Hata jina linachagua upande

Tuchukue neno Wazalendo. Katika habari za Kifaransa, ni jina tu la vikundi vyenye kupigana pamoja na jeshi la serikali. Kwa mutu mwenye kusikia Kiswahili, ni sifa: watu wenye kupenda inchi yao. M23 nayo ni kifupi cha tarehe 23 Machi 2009, siku ya mapatano kati ya serikali na CNDP. Kwa kujiita hivyo, kundi hilo linadai tayari kama mapatano hayakuheshimiwa. Serikali, kwa upande wake, inawaita magaidi.

Radio haiwezi kukimbia majina. Lakini mwanafunzi anaweza kufundishwa kuuliza: jina hili lilitolewa na nani, na muandishi wa habari amelifanya kuwa lake ao amesema ni la nani?

Hesabu ya wafu

Mwanzo wa Februari 2025, Umoja wa Mataifa ulisema karibu watu 3.000 walikufa katika mapigano ya Goma. Mwisho wa mwezi ule ule, waziri wa kwanza Judith Suminwa alisema huko Geneva kama watu zaidi ya 7.000 walikufa tangu Januari. Haraka haraka, mutu atasema: mumoja anadanganya. Lakini hesabu ya kwanza ilihusu muji mumoja na siku chache. Ya pili ilihusu mashariki yote na wiki nyingi. Mbele ya kushindana, darasa liulize: ni wapi, tangu lini, na nani alihesabu?

Kimya nacho kinasema

Januari 2025, Kinshasa iliondolea waandishi wa Al Jazeera ruhusa ya kazi, kisha televisheni hiyo kuonyesha mazungumzo na mukubwa wa M23. Huku Kivu Kaskazini, radio nyingi zimeporwa ao kufungwa tangu vita ilirudi. Kwa hiyo, wakati habari fulani haisemwi, pengine muandishi amechagua kuificha, na pengine anaogopa. Mwanafunzi ajifunze kutenganisha hayo mawili. Swali ni rahisi: katika habari hii, nani hakupewa neno?

Hatari ya kukataa yote

Kuna mutego mwingine. Mutoto mwenye kufundishwa tu kama «radio zote ziko na upande» anaweza kuacha kuamini hata kile chenye kinaweza kumuokoa. Beni na Butembo wanajua bei yake. Wakati wa Ebola ya 2018-2020, yenye iliua watu zaidi ya 2.200 Kivu Kaskazini na Ituri, uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo. Wakaaji walikuwa na sababu ya kuuliza maswali juu ya siasa. Lakini shaka ilitoka kwa siasa ikaingia kwa ugonjwa wenyewe. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kupima habari ni kazi. Kuitupa yote hakupimi kitu.

Na kuamini yote pia kunaua. Inchi jirani ya Rwanda iliona namna radio RTLM iliita watu mende kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka wa 2003, mahakama ya Arusha ilihukumu wakubwa wa radio hiyo. Katika madarasa yetu, watoto wa makabila mbalimbali wanakaa kwenye benchi moja. Neno moja la chuki lenye linatoka kwa telefone linaweza kufika hapo mbele ya mwalimu.

Radio moja, kaye moja

Kazi hii haiombi kompyuta. Katika somo la uraia, mwalimu anaweza kuomba wanafunzi wasikilize habari moja kwa radio mbili: Radio Okapi na radio ya muji, kwa mufano, ao BBC na RFI kwa Kiswahili. Waandike katika kaye vitendo, majina, hesabu na watu wenye walipewa neno. Kesho yake, wanalinganisha kwenye ubao.

Mutoto mumoja atauliza: «Mwalimu, sasa njo gani iko ya kweli?» Mahali penye jibu moja linaweza kuletea mwalimu shida na wenye bunduki, si lazima aseme nani ana haki katika vita. Anaweza kurudisha swali: hizi mbili zinakubaliana juu ya nini? Hapo mara nyingi ndipo tukio lenyewe liko. Kile kinachobaki, waandike kando kama kitu cha kutafuta bado.

Sehemu ngumu zaidi inakuja mwisho: kila mutoto achukue habari yenye inafurahisha watu wa kwao, aiulize maswali yale yale. Habari ya adui, kila mutu anajua kuipima. Wazazi wanaweza kufanya vile vile jioni, radio ikiwa wazi, na hata kwa radio ya jamii yenye wanaipenda.