Maumbile Hayapigi Kura

"Binti akishavunja ungo, ameiva." Utaisikia kauli hii vilabuni Tukuyu na vijiweni Iringa, na msemaji huamini amefunga mjadala. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo iliibariki: mvulana angoje miaka 18, msichana 15 yatosha kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama ikikubali, hata 14.

Hoja hiyo ni mbovu tangu msingi. Kupevuka ni habari ya mwili. Kuozwa ni uamuzi wa watu. Mwanafalsafa David Hume alikwisha kuonya katika karne ya 18 kwamba mtu hawezi kutoka kwenye "ndivyo ilivyo" akatua kwenye "ndivyo ipasavyo" bila kueleza amepita njia gani. Tena watetezi wa maumbile huyasikiliza nusunusu. Mvulana wa miaka 15 naye amebalehe, mbona hatumposei? Na mwili huohuo wa binti unasema nyonga hazijakomaa, kuzaa mapema ni hatari. Hapo hawasikii.

Tutazame Rungwe, kwa Wanyakyusa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa takriban miaka 10 walivyotoka kwa baba zao na kujenga kijiji cha rika lao. Wanaume walichelewa kuoa, mabinti wakaolewa wadogo. Chanzo hakikuwa damu: ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee. Leo vijiji vya marika vimekwisha, na Wanyakyusa wapo. Kilichoitwa asili kilikuwa mgawanyo wa mali.

Ndivyo pia Dar es Salaam inavyowasaka mabinti wa Iringa kwa kazi za ndani, eti ni watiifu kwa asili. Ufukara wa nyumbani kwao unageuzwa hulka ya kabila.

Tukiyakataa maumbile, haki itasimama juu ya nini? John Finnis, mtetezi mkubwa wa sheria ya asili, haanzii kwenye mwili. Huanzia kwenye mema ambayo akili huyatambua, kama uhai, elimu na urafiki. Kwa kipimo hicho, binti anayetolewa darasani akaozwe ameporwa.

Julai 2016, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliviona vifungu hivyo vya umri katika Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Mwaka uliotolewa ulipita bila marekebisho. Waheshimiwa wabunge wasituambie habari za maumbile: Dodoma wanaopiga kura ni wao.