Roboti ije mgodini, lakini mwenyeji apone

Wengi wakisikia neno roboti wanafikiri Japani au Marekani. Lakini katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, jimbo la Haut-Uélé, kuna mashine za kubeba mawe zinazojiendesha zenyewe chini ya ardhi. Zinapima kuta za njia kwa miali ya leza, zinajua pa kukata kona, na mfanyakazi mmoja aliyeketi juu, mbali na vumbi, anasimamia kadhaa kwa wakati mmoja.

Jambo hilo ni jema. Shimoni kuna joto, moshi wa baruti na mawe yanayoanguka. Mashine ikifunikwa na mawe, kampuni inanunua nyingine. Baba wa watoto akifunikwa, hakuna duka la kununua mwingine. Anayetaka kuona tofauti aangalie Rubaya, huko Masisi. Koltani inayoingia ndani ya simu, kompyuta na roboti zenyewe inachimbwa kwa sururu na majembe, na mvua ikinyesha udongo unaporomoka juu ya wachimbaji.

Hata hivyo, roboti hainunui ndizi sokoni, haipangi nyumba, hailipi minervali ya mtoto. Dereva mmoja akisimamia mashine tatu, wenzake wawili wataenda wapi?

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa njia. Inaidai kampuni angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Kwa mauzo ya dola milioni 100, hiyo ni dola 300,000. Hesabu inafuata mauzo, siyo idadi ya wafanyakazi: mashine zikipunguza watu, pesa hiyo haipungui.

Basi sehemu yake ifungue karakana za kufundisha umeme, ufundi wa mashine na kompyuta. Roboti ikiharibika ni mtu anayeitengeneza, na mtu huyo asitoke ng'ambo kila mara. Tena orodha ya wanafunzi isiwe ya wenye ardhi peke yao. Kijana aliyekimbia vita akafika na godoro kichwani, naye ana mikono na akili.

Wajumbe wa jamii wanakaa pamoja na kampuni kusimamia pesa hiyo. Wananchi wawaulize waziwazi: mwaka huu vijana wangapi watafundishwa, na kati yao wasichana ni wangapi, wakimbizi wa ndani ni wangapi?