Daktari wa Mkataba: Mtumishi wa Mgonjwa au Kibarua wa Zamu?

Mjadala kuhusu ajira za madaktari nchini mwetu umezoea kutazama idadi. Tunauliza ni wangapi wamehitimu, wangapi wameajiriwa na wangapi bado wako mitaani. Mwaka 2017, Serikali iliamua kuwaajiri madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda kufanya kazi Kenya, baada ya mpango huo kukwama mahakamani huko Kenya. Ndipo wengi walipotambua kwamba uhaba wa madaktari vijijini na wingi wa madaktari wasio na ajira vinaweza kuishi pamoja katika nchi moja. Lakini liko swali la pili, lisilosikika sana: daktari aliyekwisha kupata kazi, ameipata kwa masharti gani?

Katika hospitali, vituo vya afya na polikliniki zisizo za Serikali upo utaratibu ambao daktari hapewi ajira, bali mkataba wa kutoa huduma. Hulipwa kwa zamu, kwa idadi ya wagonjwa aliowaona, au kwa sehemu ya ada wanayolipa wagonjwa. Katika karatasi yeye si mfanyakazi. Ni mkandarasi wa kujitegemea, neno ambalo wengi wetu tumelizoea katika ujenzi wa barabara na madarasa. Madaktari wenyewe huiita kazi hiyo “pati taimu”, hata pale inapokuwa ndiyo kazi pekee waliyo nayo. Makala hii haimnyooshei kidole mtu wala taasisi yoyote. Inakusudia kuonesha jambo moja: jina lililoandikwa juu ya mkataba halibadilishi asili ya kazi, na jina hilo lisipokuwa la kweli, mzigo wake humwangukia daktari kwanza na kuishia mabegani mwa mgonjwa.

Tuanze na historia, kwa sababu utaratibu huu haukuzaliwa kwa hila. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia huduma binafsi za tiba zinazoendeshwa kwa faida, huku hospitali za mashirika ya dini zikiendelea na utume wao. Mwaka 1991 mlango ulifunguliwa tena. Madaktari walianza kufungua kliniki, wengine wakiungana wawili au watatu kuchangia pango, maabara na mhudumu wa mapokezi, kila mmoja akiwa na wagonjwa wake na hesabu yake. Madaktari wa hospitali za umma nao walipata nafasi ya kufanya kazi katika kliniki hizo baada ya saa za kazi. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, na hospitali nyingi za Kanisa zikaendelea kuhudumia vijiji ambavyo vingekuwa mbali na tiba.

Mkoa wetu wa Singida unaifahamu vema historia hiyo. Makiungu, iliyoanzishwa na masista wamisionari kutoka Ireland, na Itigi, kazi ya Wamisionari wa Damu Azizi, ni majina ambayo mkulima wa alizeti wa Ikungi au mfugaji wa Manyoni huyataja pale mtoto anapozidiwa usiku. Katika mkoa mpana kama huu, si rahisi kila hospitali kuwa na daktari bingwa wa kudumu wa mifupa, macho au upasuaji. Bingwa anayekuja mara mbili kwa mwezi, akapanga siku zake, akajadiliana malipo yake na kuendelea na ajira yake kwingine, kweli ni mkandarasi. Mkataba wa namna hiyo ni halali, ni wa haki, na umewasaidia wagonjwa wengi kuepuka safari ya Dodoma au Dar es Salaam. Hao si walengwa wa makala hii.

Tuchukue sasa mfano wa pili. Daktari kijana amesoma miaka mitano chuoni na kumaliza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Anapata nafasi mahali fulani. Anapangiwa zamu na mganga mfawidhi, anavaa kitambulisho cha taasisi, anatumia vifaa vya taasisi, anaomba ruhusa anapotaka kusafiri, wala hana kazi nyingine. Mwisho wa mwezi analipwa kwa kuhesabiwa zamu, baada ya kukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio kama mtoa huduma. Hana likizo, hana michango ya NSSF, na akiugua hana malipo. Je, huyu ni mkandarasi?

Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, imekwisha kujibu. Inaelekeza kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mtindo wa mkataba, iwapo hata kigezo kimoja kati ya saba kitakuwepo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vigezo hivyo ni: namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoitumikia, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Daktari wa mfano wetu anatimiza vyote saba. Tena, hata anayefanya zamu moja tu ya saa 12 kila juma, kwa majuma manne amekwisha kufikisha saa 48.

Tofauti hii si ya maneno. Mwajiriwa, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ana kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, malipo ya saa za ziada, nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mama. Mwajiri humchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii na katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akijichoma na sindano yenye damu ya mgonjwa, lipo pa kushika. Akiitwa mkandarasi, haya yote huyabeba mwenyewe. Daktari mwenye malipo ya shilingi 1,500,000 kwa mwezi hupoteza shilingi 150,000 za mchango wa mwajiri, ikiwa mchango huo ni asilimia 10. Kwa miaka kumi, bila kuhesabu faida, ni shilingi milioni 18 za uzee wake. Daktari wa kike akishika mimba hulazimika kuchagua kati ya afya ya mtoto wake na kodi ya nyumba.

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya madaktari; mimi mkulima yananihusu nini? Yanakuhusu kwa namna tatu.

Kwanza, uchovu. Anayelipwa kwa zamu, asiyelipwa akipumzika, atatafuta zamu nyingi kadiri awezavyo. Atatoka hapa asubuhi na kuingia kwingine mchana. Mgonjwa wa tatu usiku atakutana na macho yaliyokesha mahali pengine. Hakuna anayeziona saa zake zote, kwa sababu kila taasisi inahesabu zake tu.

Pili, vishawishi. Malipo yakifuata idadi ya upasuaji au vipimo, dhamiri ya daktari inawekwa mezani pamoja na pochi yake. Madaktari wengi ni waaminifu na hushinda kishawishi hicho kila siku. Lakini si haki kujenga utaratibu unaomlipa mtu zaidi anapoamua mama apasuliwe kuliko anapokaa naye saa nane akisubiri ajifungue salama, kisha tukamtaka awe mtakatifu.

Tatu, uwajibikaji. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji Ijumaa na daktari wa mkataba ataamka Jumamosi na kutokwa damu. Aliyempasua yuko kilomita 200 mbali. Daktari wa zamu hajasomewa historia yake. Kila daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika anawajibika kwa taaluma yake, awe mwajiriwa au mkandarasi. Lakini mgonjwa hakwenda kumtafuta daktari fulani. Aliingia katika hospitali, akalipa dirishani pa hospitali, akaiamini hospitali. Taasisi haiwezi kupokea ada yake kwa jina lake, halafu yakitokea madhara ikasema kwamba huyo hakuwa mtu wetu.

Hapa Mafundisho Jamii ya Kanisa yana neno la kutuambia. Papa Leo XIII, katika Waraka wake “Rerum Novarum” wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba makubaliano ya hiari peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwani mwenye shida hukubali hata kisichomtosha kuishi. Daktari asiye na ajira anaposaini lolote linaloletwa mbele yake, saini yake haiondoi wajibu wa yule aliyeandika mkataba. Miaka 90 baadaye, Mtakatifu Yohane Paulo II katika “Laborem Exercens” alitofautisha kati ya mwajiri wa moja kwa moja na mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani sera na mifumo inayomsukuma mwajiri kutenda alivyotenda. Papa Leo XIV alipochaguliwa mwezi Mei 2025 alieleza kwamba alichagua jina hilo akimkumbuka hasa Leo XIII na suala la wafanyakazi. Suala hilo, basi, halijapitwa na wakati.

Kanisa halijasema hayo kwa ajili ya wengine tu. Kanuni ya 1286 ya Sheria za Kanisa inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa kufuata kikamilifu sheria za nchi kuhusu kazi na maisha ya jamii, kadiri ya misingi ya Kanisa, na kuwalipa watumishi ujira wa haki na wa kutosha kwao na kwa familia zao. Hatuwezi kuhubiri ujira wa haki Mei Mosi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na kuusahau siku ya kupanga zamu.

Wapo wanaojibu kwamba uuguzaji ni wito, na mwenye wito hahesabu saa. Ni kweli kwamba ni wito. Lakini tuusome tena mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37). Yeye alijitoa bure. Hakumlazimisha mwenye nyumba ya wageni kujitoa bure. Alimlipa dinari mbili, na akaahidi kulipa gharama yoyote itakayozidi atakaporudi. Huruma yake kwa majeruhi haikumnyima mtoa huduma haki yake. Vivyo hivyo, tunaposoma juu ya mtu wa mshahara anayekimbia mbwa mwitu akija (Yn 10:12-13), tusiishie kumlaumu anayekimbia. Tujiulize pia kama ni sisi tuliomwambia kila mwezi kwamba kondoo hawamhusu.

Haki inatudai pia kuwasikiliza wasimamizi. Hospitali isiyo ya Serikali huwahudumia wengi wasio na uwezo, husubiri malipo ya bima, na dawa hupanda bei. Machi 2024, mvutano kati ya vituo binafsi na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kuhusu bei mpya ulifikia hatua ya baadhi ya vituo kusitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko. Msimamizi asiyejua mapato ya mwezi ujao huogopa kuajiri. Huyo mwajiri asiye wa moja kwa moja anaonekana hapa waziwazi, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itapimwa pia kwa jambo hili: je, viwango vitakavyolipwa vinatosha kumwajiri daktari kwa haki?

Wakati tukisubiri, yapo ya kufanya. Wasimamizi wapitie mikataba yao na kuipima kwa vigezo saba vya sheria. Anayeonekana kuwa mwajiriwa aandikiwe ajira, hata kama ni ya muda maalumu. Aliye mkandarasi kweli aachiwe uhuru wa kweli, na malipo yake yazingatie kwamba atajichangia uzeeni na kujikinga na ajali mwenyewe. Malipo ya zamu yawe ya kiwango kimoja, yasifuate hesabu ya visu na vipimo. Kila daktari anayekuja na kuondoka amkabidhi mgonjwa wake kwa maandishi, kwa jina la mwenzake. Na hospitali zinazoshindwa kila moja kumwajiri bingwa wake zishirikiane kumwajiri mmoja kwa haki zote, wagawane siku zake.

Nao madaktari wasome mkataba kabla ya kusaini. Wajue kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wahenga walisema mganga hajigangi. Katika jambo hili daktari anahitaji kusemewa na wengine. Halmashauri za parokia na wajumbe wa bodi za hospitali, mnapoletewa taarifa ya mwaka, ulizeni idadi ya vitanda na mapato, kisha ulizeni pia ni madaktari wangapi wanaofanya kazi pale bila kuwa wafanyakazi wa pale.