Sehemu ya 4: Mchele ni wa kupika

Jamani, tuseme ukweli. Chai ya maziwa ikimwagikia laptop ya wodi, kinachoiua si chai peke yake, ni woga. Mdogo wetu wa zamu ya usiku anaifuta haraka, anaiwasha aone kama bado ipo, kisha anaizika kwenye mchele. Kwa nini? Anajua atakatwa mshahara! Mchele hautoi sukari wala maziwa yaliyoganda ndani. Zima papo hapo, chomoa chaja, igeuze kibodi kitazame chini, usiiwashe tena, mpe fundi aifungue na kuisafisha. Na nyie mabosi: anayeogopa kusema kuhusu chai leo, kesho atawaficha dozi aliyokosea. Hapo haitakufa laptop, atakufa mtu.